Barua ya wazi kwa wakuu wa redio yetu: Wafundisheni watangazaji wenu wanazungumza na nani

Kwa Mkurugenzi,
na kwa Meneja wa Vipindi,
Kituo cha redio ninachokifungulia kila alfajiri, Mombasa.

KUH: WATANGAZAJI WALIOACHWA BILA MWALIMU

Assalamu aleikum, na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo.

Jina la kituo chenu silitaji. Mtajijua wenyewe kabla hamjafika katikati ya barua, na wasikilizaji wenzangu watawajua mapema zaidi. Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimeniishia. Mwezi wa Januari nilileta barua ya mkono hapo mapokezi. Kijana aliipokea kwa adabu, akaiweka mezani, kikombe chake cha chai juu yake. Nikatuma meseji mara nne kwa nambari mnayoisoma hewani, nikajibiwa mara moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa ni kunikaribisha kwenye bahati nasibu. Mwisho nilikuja mwenyewe, nikakaa kwenye kochi lenu saa mbili nzima, nikaambiwa Meneja yuko Nairobi. Sikushangaa. Vipindi vyenu pia viko huko.

Mimi ni mwanamke fundi wa nguo, Majengo. Cherahani na redio yangu zimekaa meza moja zaidi ya miaka 20. Mwenye gari huwasikiliza nusu saa akielekea kazini. Mimi nawasikiliza tangu nafungua mlango hadi natia kufuli, kwa hiyo hata kikohozi cha kila mtangazaji wenu nakijua. Na kabla ya cherahani nilikaa miaka miwili nyuma ya kipaza sauti, kituo kingine, nikisoma salamu za jioni. Sikuwa hodari. Lakini nilifundishwa, na ndiyo maana nawaandikia nyinyi, sikuwaandikia wao. Vijana wenu wana sauti, wana akili, wana bidii. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao kitako akawaonyesha. Huyo ni nyinyi mliopaswa kuwapa.

Haya ndiyo yaliyonifikisha hapa.

1. Hawazungumzi na mtu.

Kila asubuhi: "Nyinyi nyote mlioko huko nje, mpoooo?" Nje ipi? Mimi niko ndani, nimeinama juu ya sindano, na redio iko kando ya sikio langu. Anayeniita kama niko uwanja wa mpira ameshanionyesha hajui niko wapi.

Siku yangu ya kwanza kazini, mzee aliyekuwa akitufundisha alichomoa kadi moja katika kikapu cha salamu akanipa. Ilikuwa imeandikwa na mama wa Mtongwe, anawasalimu wanawe walio Voi na Malindi. Mwandiko umepinda, na pembeni pana doa. Akaniuliza, "Doa hili la nini?" Nikamwambia naona kama mafuta ya kupikia. "Basi huyu aliandika akiwa jikoni. Soma kwa ajili yake. Wengine watasikia." Akaibandika ukutani mbele yangu, ikakaa hapo miaka miwili. Nikiwasha kipaza sauti namuona mama yule anageuza mahamri, naona mkono wake una unga, najua sina haja ya kupiga kelele.

Kila Ijumaa mzee yule alitukalisha kusikiliza kanda zetu wenyewe. Aliruka nyimbo zote, tukasikia maneno yetu matupu yakifuatana. Hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo! Unajisikia unasema "haya haya, basi sawa" mara kumi na tisa ndani ya kipindi kimoja. Hakutukana mtu. Alichagua jambo moja zuri akalisifu, akachagua jambo moja baya, moja tu, akasema wiki ijayo nataka hili lisiwepo. Baada ya miezi sita ulikuwa huwezi kumtambua mtu yule ambaye mzee alianza naye.

Wala si ushamba wa pwani huo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, BBC ya London ilipokuwa changa, mwanamke aliyeongoza idara yake ya mazungumzo, Hilda Matheson, aliwafanyisha mazoezi wasomi wakubwa ili waache kuhutubia kama walio jukwaani, wazungumze kama wanaomwambia mtu mmoja. Kama profesa wa Uingereza alikubali kusahihishwa na mwanamke yule, kijana wenu wa miaka 23 atakubali.

Sasa niambieni: mara ya mwisho mmoja wenu alikaa na mtangazaji wa asubuhi akasikiliza naye kipindi chake ni lini? Nimewauliza watatu kati yao kwa nyakati tofauti. Mmoja alikuja kushonewa suti ya harusi. Wote walinijibu jambo moja: huitwa ofisini wakikosea jina la mdhamini. Kwa mengine huachwa.

2. Tunasomewa Nairobi.

Saa moja asubuhi, taarifa ya barabara. Thika Road imefunga. Waiyaki Way magari hayasongi. Mombasa Road kuna lori limelala. Wasichana wangu wa karakana walikuwa wakishtuka wakisikia hilo la mwisho, hadi nilipowaeleza kwamba barabara hiyo imebeba jina letu lakini msongamano wake uko zaidi ya kilomita 450 kutoka hapa.

Msikilizaji wa Likoni anataka kujua jambo moja: leo zinavuka feri ngapi, na foleni ya watu imefika wapi. Wa Kisauni anataka kujua daraja la Nyali. Wa Changamwe anauliza Makupa. Muuza mboga anataka bei ya asubuhi hii Kongowea, gunia la vitunguu limepanda au limeshuka, kwa sababu akifika amechelewa amekwisha. Mvuvi anataka upepo. Msimu wa kusi si msimu wa kaskazi, na bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, si siku ya kwenda popote na mtumbwi mbovu. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mtambo. Linahitaji simu moja kwa mtu aliye pale kivukoni. Mji huu ulikuwa na Sauti ya Mvita kabla ya uhuru, redio ya hapa hapa, enzi ambazo simu zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Leo kila utingo wa matatu ana simu mfukoni, na bado tunasomewa Waiyaki Way.

3. Saa za Ramadhani.

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, kwa sababu hapa ndipo nilipovunjika moyo.

Ndugu yangu ni mlinzi wa usiku kwenye yadi ya makontena, Miritini. Anapolinda, adhana ya alfajiri haimfikii sawasawa, malori hayanyamazi. Anachotegemea ni simu yake na kifaa cha sikioni, na redio anayoifungulia ni nyinyi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemzoesha. Ramadhani iliyopita mtangazaji wenu alikuwa akisoma saa ya kuacha kula daku na saa ya kufuturu. Ndugu yangu akafuata. Siku ya saba alipata zamu ya kupumzika, akala daku nyumbani, adhana ya msikiti wa jirani ikamkuta na tonge mkononi huku redio inasema bado kuna wakati.

Nikakaa nikahesabu. Mombasa iko mashariki ya Nairobi kwa karibu digrii tatu za ramani, na kila digrii moja ni dakika nne za jua. Alfajiri hutufikia sisi kwanza, na jua hutuchwea sisi kwanza, kwa dakika 11 hivi. Mlikuwa mnawasomea watu wa Mombasa saa za Nairobi. Jioni madhara yake si makubwa, mtu atakaa na tende yake mkononi dakika chache zaidi, atapata na thawabu za subira. Lakini alfajiri mnamlisha mtu baada ya saumu kuingia. Imamu wake alimwambia azilipe siku zote sita. Amezilipa, mlinzi wa usiku, katika mwezi wa joto, peke yake.

Nimefuatilia. Sauti ile ni ya kijana Mwislamu, mzaliwa wa Kisauni. Yeye mwenyewe nyumbani kwao anakula kwa adhana ya msikiti wao. Alipewa karatasi iliyotoka makao makuu, akairekodi mchana, akaenda zake. Simlaumu sana. Kama mngekuwa mmemfundisha kwamba kila karatasi inayoingia studio huulizwa swali moja kwanza, "hii yamhusu nani aliye Mombasa?", angeliona kosa lake kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Mmemfundisha kusoma alichopewa. Akasoma.

Na hadi leo hamjasahihisha hewani. Barua yangu ya Januari ilikuwa na jambo hilo tu. Haya mengine nimeyaongeza kwa hasira.

4. Mpigaji simu ni mgeni.

Mwezi wa pili mzee mmoja aliwapigia kutoka Kaloleni. Akaanza kama wazee wanavyoanza: amemsalimu mtangazaji, akauliza hali ya nyumbani, akataka kujua kama mvua imenyesha kisiwani. Lafudhi yake ya Kigiriama ilisikika. Mtangazaji akamwiga, mwenzake akacheka, wakamwambia "mzee, kredi itaisha, enda kwa pointi," kisha wakamkatia. Hatukujua kamwe mzee yule alitaka kusema nini.

Bwana Mkurugenzi, angekuja nyumbani kwako, angekatiwa salamu mlangoni? Kuna namna ya kumharakisha mzee bila kumvunjia heshima, na ni ufundi kama ufundi mwingine, hufundishwa. Unaitikia salamu yake kwa ukamilifu, unalitaja jina lake, halafu unamuuliza swali lenye mlango mmoja: "Mzee wangu, leo umetupigia kwa ajili ya nini?" Sekunde nane. Mimi ilinichukua wiki tatu kulijua hilo, nikiwa na mtu wa kunikanyaga mguu chini ya meza kila nilipokosea.

5. Nyimbo zisizo na wenyewe.

Orodha ya nyimbo inapangwa na kompyuta, naelewa. Lakini wimbo wa Zein l'Abdin, mwimbaji wetu wa taarab, unapigwa, udi ule unalia hadi nasimamisha cherahani, halafu mtangazaji anarudi na kusema, "Ngoma ya kitambo hiyo," anapitiliza kwenye tangazo la magodoro. Zein alifariki 2016, mwimbaji mwenzake Juma Bhalo 2014. Si zamani hiyo. Wapo watu mitaa ya Kibokoni wanaoweza kumsimulia kijana wenu harusi ambayo wimbo ule uliimbwa na ni nani alikasirika kwa sababu ya fumbo lake. Sisemi apige taarab siku nzima. Wasichana wangu wenyewe wangehama. Nasema mtangazaji asiyeujua wimbo hana cha kumpa msikilizaji ambacho simu yake haijampa, na hata wimbo wa juzi wa kijana wa Mtwapa nao una mwenyewe. Mtajeni.

6. Lugha, kwa kifupi.

Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, hamkosi. Kanzu, buibui, kahawa chungu, picha. Tarehe 8 tunarudi kwenye "mwisho wa siku" inayosemwa saa nne asubuhi, na taarifa za habari zilizotafsiriwa neno kwa neno hadi muuza madafu anageuka kuwa "mshikadau wa sekta ya nazi". Sheng ya vijana haiudhi, ni ya wenyewe. Kiudhicho ni Kiswahili kisicho cha mtu yeyote.

7. Ijumaa saa saba mchana mnapiga muziki wa klabu. Mlipoupanga ule muda, nani alikuwa chumbani?

Sasa najua mtajibu nini, kwa sababu nimekaa upande huo.

Mtasema hakuna pesa za mafunzo. Sijaomba semina hotelini wala mtaalamu wa kutoka nje. Kurekodi kipindi ni kubonyeza kitufe, na saa moja ya Meneja kwa wiki mmeshamlipia kwenye mshahara wake. Mtasema wateja wa matangazo wanataka kelele na uchangamfu. Mteja wa matangazo anataka sabuni yake inunuliwe, na mnunuzi wa sabuni ni mimi. Nikiwa nimezima redio tangazo lake linasikilizwa na nani? Mtasema vijana ndio wasikilizaji wa leo na hawa wazee wa salamu wamepitwa. Waulizeni hao vijana. Wasichana wangu wanne, mkubwa wao ana miaka 26, wanasikiliza watu wanaozungumza kwenye simu zao saa nzima bila wimbo hata mmoja, na sababu wanayonipa ni hii: "Huyu, mama, ni kama anatuongelesha sisi."

Kuna jibu moja ambalo nitalikubali nusu. Mtasema watangazaji hawakai. Ukimfundisha leo, kesho amechukuliwa na kituo kingine. Ni kweli, na inauma. Mimi pia nafundisha wasichana ushonaji, na wawili wamefungua karakana zao mtaa wa pili na wateja wangu. Lakini sikuanza kuwaficha mkasi. Na ukweli mwingine, ambao nausema kwa sababu watangazaji wenu hawawezi kuusema: baadhi yao walianza kwa miezi mingi bila malipo, wakiitwa wanafunzi wa kazi, na bado wanakaa hewani saa sita mfululizo. Mtu aliyechoka hawezi kumuwaza mama wa Mtongwe. Anawaza nauli.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza kabisa, kabla ya lingine lolote, tangazeni hewani kwamba saa za daku mlizosoma Ramadhani iliyopita hazikuwa za Mombasa. Wasomeeni watu mara tatu, asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu walinzi hulala mchana. Na ratiba ijayo ichukueni kwa masheikh wa hapa.

Meneja wa Vipindi akae na kila mtangazaji saa moja kila wiki, wasikilize kipindi pamoja, nyimbo zikiwa zimerukwa. Jambo moja la kusifu, jambo moja la kurekebisha. Milango ifungwe, asitukanwe mtu mbele ya wenzake.

Kila mtangazaji na kila mpangaji wa vipindi atoke mara moja kwa mwezi akakae na msikilizaji mmoja nusu siku, bila gari lenye nembo, bila kofia na fulana za kugawa. Kivukoni Likoni, Kongowea alfajiri, hospitalini kwenye benchi la kungoja, hotelini wafanyakazi wanapotoka zamu saa tano usiku. Asichukue picha. Akirudi, aandike saa ambazo mtu huyo hufungulia redio na saa anazoizima, na ratiba ya vipindi ipangwe upya kwa karatasi hizo.

Na wekeni mtu wa kupokea malalamiko, mwenye jina na masikio. Hilo silo ombi. Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zinamtaka kila mwenye leseni awe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya watu, na meza ya mapokezi yenye kikombe cha chai sidhani ndiyo iliyokusudiwa. Nangoja siku 30 kuanzia leo. Zikipita kimya, la saa za daku nitalipeleka Mamlaka ya Mawasiliano, na la yule mzee wa Kaloleni nitalipeleka kwa Baraza la Vyombo vya Habari. Nakala za barua na meseji zangu zote ninazo, nimezihifadhi kwenye kopo la vifungo.

Redio sijaizima. Niliizima siku nne baada ya lile la ndugu yangu, karakana ikawa kama nyumba ya msiba, nikairudisha.

Mkitaka pa kuanzia na zile ziara, mtumeni yule kijana wa Kisauni aliyesoma ile karatasi. Aulizie Majengo fundi wa kike mwenye redio dirishani, ataonyeshwa. Aje siku ya Jumanne, kazi huwa chache. Ndugu yangu atakuwepo, ametoka zamu, na amesema hana kinyongo naye. Anataka tu kumuuliza alipokuwa anairekodi ile alfajiri ilikuwa saa ngapi. Viazi karai vipo, na ukwaju.

Wasalaam,

Msikilizaji wenu, fundi wa cherahani,
Majengo, Mombasa